Punje ya Mzee Luhende

Kila Jumanne saa tatu asubuhi nilikuwa nasikiliza kibofu cha Mzee Luhende Kasubi, na sitaki kudanganya, hiyo ndiyo ilikuwa saa niliyoipenda kuliko zote katika wiki.

"Geukia ubavu wa kulia, mpagazi wangu," nilimwambia Jumanne hii ninayoisimulia. "Robo saa imekwisha."

"Nimekuwa chapati," alilalamika huku akigeuka. "Mzaramo ananikaanga upande huu na upande huu, tena bila mafuta."

"Mafuta ya nazi yako kwetu pwani. Ninyi huku mnajua karanga tu."

"Kwenu pwani mlikouza mashamba yote ili mkacheze ngoma?"

"Afadhali sisi tunacheza. Ninyi mlikuja kwetu na mizigo kichwani, tukawapa maji ya kunywa. Mpaka leo hamjasema asante."

Mimi naitwa Sikudhani Pazi, Mzaramo wa Kisarawe. Yeye ni Mnyamwezi wa Nzega. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana adabu kwa mtani wake, wala hatakiwi kuwa nayo. Nikimkuta na sahani ya wali nakula. Nikifiwa, anakuja msibani kunicheka mpaka nisahau kulia. Kwa miezi mitano tangu aletwe kwenye kituo chetu cha tiba sikuwahi kumwita kwa jina lake, na yeye kwangu alikuwa na majina kama ishirini, hakuna hata moja ninaloweza kuliandika hapa.

Alikuwa na miaka sitini na minane. Tangu utotoni alisimama kwenye majaruba ya mpunga, maji yakimfika magotini, na kichocho kikamwingia huko kama kilivyowaingia wenzake wote. Kilikaa kwenye kibofu miaka mingi kimya. Kisha mwaka jana akaona damu kwenye mkojo, akapuuza, akaiona tena, na mkewe akampakia kwenye gari kwa nguvu. Ilikuwa saratani.

Tiba yenyewe ilianzia kwenye jambo la zamani ambalo mpaka leo linanishangaza. Tunapitisha mpira mwembamba, tunamimina ndani ya kibofu vijidudu vya chanjo ya kifua kikuu, vilivyodhoofishwa. Mgonjwa anabana mkojo saa mbili, akigeuka kila robo saa ili dawa iguse kuta zote. Vijidudu hivyo haviui saratani. Kazi yao ni kuzusha rabsha. Ukuta wa kibofu unashtuka, unatoa protini za kuita msaada. Seli za kinga zinatoka kwenye damu kuja kuangalia kuna nini. Zikifika nazo zinatoa protini zao kuita wengine. Katika kutafuta mchawi ndani ya nyumba ndipo zinapomwona yule aliyejificha siku zote, yaani saratani.

Mabibi na mababu zetu katika kazi hii walijua hayo kwa kupima mkojo baada ya tukio. Sisi tuna Sikio. Ni uzi mwembamba kuliko unywele, unapita ndani ya mpira, unakaa humo kibofuni na kusoma kila protini inayopita wakati ule ule inapopita. Wenzangu wanatazama mistari kwenye kioo. Mimi mistari inanichosha, kwa hiyo nilikuwa nimeipa kila protini sauti yake na kuvaa visikilizio. Interferoni, ile inayopiga mbiu ya hatari, niliipa manyanga. Intaleukini ya pili, ile inayozihimiza seli T zizaane, niliipa msondo. Nyingine kayamba, nyingine zumari.

"Yaani hata ndani ya kibofu changu umeingiza ngoma," Mzee Luhende aliniambia siku alipojua. Alicheka mpaka nikaogopa mpira utachomoka.

Lakini ngoma ya kibofu chake haikufanana na ya mtu mwingine. Kwa wagonjwa wengine sauti zilianza, zikapanda, zikachoka. Kwake, dakika ya arobaini, manyanga yote yalinyamaza kwa pamoja, zumari ikalia peke yake kama dakika mbili, kisha kila kitu kikarudi mara mbili ya mwanzo. Hakuna kitabu kilichoandika mpango huo. Seli zake zilikuwa zimeubuni zenyewe humo humo. Tulipochuja maji yaliyotoka kibofuni mwake baada ya tiba, tukakusanya zile protini kwa mpangilio na vipimo vyake, tukaziweka kwa wagonjwa kumi na mmoja ambao seli zao zilikuwa zimegoma kabisa, seli zao ziliamka. Wote kumi na mmoja. Tukauita wito wa Luhende, na kiwanda cha kuutengeneza hakikuweza kuuiga, tulijaribu mara tisa.

Tatizo lilikuwa moja. Wito ulilia kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuitia. Saratani karibu yote ilikuwa imeondoka, ikabaki punje moja kwenye ukuta wa nyuma, kubwa kama chembe ya mchele. Seli zilikuwa zinaizunguka hiyo. Punje ikiisha, wito nao unaisha. Kwa hiyo kwa wiki tano tulikuwa tunampa Mzee Luhende nusu ya dozi, inayotosha kuichokoza punje na isiyotosha kuimaliza.

Na yeye alikubali. Ndivyo ilivyoandikwa.

Ngoja niseme jinsi alivyokubali, maana hapo ndipo aibu yangu ilipo. Ukutani mwa kila chumba kuna mashine tunayoiita Karani. Wagonjwa wengi hawapendi kusoma fomu, kwa hiyo Karani inasikiliza swali na jibu, inapima sauti ya anayejibu kama ina hofu au kusitasita, ikiridhika inawaka kijani na idhini imekwisha. Dokta Mbise, mkuu wetu, aliniambia, "Kamuulize wewe. Ninyi ni watani, kwako hatakataa." Nikaenda. Nikamuuliza hivi, na maneno yako kwenye kumbukumbu, siwezi kuyakana: "Mtumwa wangu, hicho kivimbe chako tukikiacha kidogo tukifuge kama kuku, utakubali?"

"Kifugeni," akajibu. "Kikitaga mniletee mayai."

Tulicheka wote wawili. Karani haikusikia hofu wala kusitasita. Ikawaka kijani.

Nilijua? Nusu nilijua. Ile nusu nyingine ilitaka kuendelea kusikiliza.

Sasa Jumanne hiyo, dakika ya hamsini, akiwa amelalia ubavu wa kulia na kunieleza jinsi Wazaramo wanavyochelewa hata kwenye misiba yao, msondo ulikatika. Nilidhani ni waya. Nikagusa visikilizio, nikaongeza sauti. Chini kabisa, mahali ambapo kwa kawaida hakuna kitu, palikuwa na mvumo. Nilifungua mistari kwenye kioo, jambo ambalo sifanyi mara kwa mara. Protini zile hazikuwa za seli za kinga. Zilitoka kwenye punje yenyewe, na zilikuwa protini za kutuliza, zile ambazo mwili hutumia kuziambia seli za kinga kwamba shughuli imekwisha, rudini nyumbani. Punje ilikuwa imesikiliza wito kwa wiki tano, kama mimi, na ilikuwa imejifunza kuujibu.

Nilibana visikilizio masikioni. Nakiri kwamba kabla ya kuogopa nilifurahi, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyewahi kulisikia jambo hilo likitokea. Kisha nikamtazama mzee akigeuka tumbo chini bila kuambiwa, maana saa yake alikuwa anaijua, na furaha ikaniishia.

*

Dokta Eliamani Mbise si mtu mbaya. Ana majina ya wale wagonjwa kumi na mmoja ameyaandika kwa mkono wake kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya meza, na kila asubuhi anayasoma kabla ya kuvua koti. Alitazama mistari yangu kwa muda mrefu, akaweka picha ya kibofu kando yake.

"Imegusa msuli wa kibofu," alisema. "Haijaingia."

"Itaingia."

"Wiki tatu, Sikudhani. Nyamizi amebakiza mara tatu. Yeye alianza mwisho."

Nyamizi, mmoja wa wale kumi na mmoja, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na minne, na nilikuwa namjua vizuri maana alikuwa anakuja na madaftari ya wanafunzi wake kusahihisha akiwa amebana mkojo.

"Na punje ikiingia kwenye msuli ndani ya wiki tatu?" niliuliza.

"Tutakitoa kibofu. Watu wanaishi bila kibofu."

"Yeye anajua hivyo?"

"Alikubali."

"Alitania, dokta! Mimi nilimtania, naye akanitania. Angeniuliza vile vile kama nitakubali kuuzwa kwa debe la karanga, ningesema ndiyo, na Karani ingewaka kijani."

Akavua miwani. "Kwa nini hukusema wakati ule?"

Sikuwa na jibu la heshima, kwa hiyo nikampa lile la kweli. "Nilitaka kusikia mwisho wake."

Alirudisha miwani puani. Nadhani naye alikuwa na jibu kama langu, ila lake lilikuwa na majina kumi na moja. Hatimaye alisema, "Kamuulize upya. Akikataa, nitaikwangua punje Ijumaa asubuhi."

*

Nilimkuta Mzee Luhende barazani anakula muhogo wa kuchemsha. Nikaketi.

"Mpagazi, nisikilize. Tunakuua."

"Hatimaye!" alisema. "Nilidhani Wazaramo hawamalizi kazi."

"Sitanii. Kile kivimbe tumekiacha makusudi."

"Mnakifuga. Najua. Mayai yako wapi?"

"Naweka utani pembeni kabisa—"

Hapo ndipo alipocheka zaidi, kwa sababu hakuna mtani asiyesema hivyo kabla ya kutania. Nilijaribu kumwonyesha picha. Akasema hiyo ni picha ya nazi iliyooza na kwamba nimeitoa kwetu. Nikaanza kulia. Akaniambia nalia vizuri, nifike msibani kwake nilipwe pishi ya mpunga. Mgonjwa aliyekuwa kiti cha pili naye akaanza kucheka. Nilihisi kama mtu anayezama huku watu wanampigia makofi.

Nikainuka. Nikatoka barazani, nikapangusa uso, nikafunga kanga yangu vizuri juu ya sare. Nikarudi, nikapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, baba."

Muhogo ulibaki katikati ya sahani na mdomo. Alinitazama goti, akanitazama uso. Kwa mtani, salamu ile ni tusi au ni kifo.

"Nani amekufa?" aliuliza taratibu.

"Hakuna aliyekufa. Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaweka sahani chini. "Sema, mwanangu."

Nikasema yote. Punje, nusu ya dozi, wiki tano, wale kumi na mmoja, mvumo, msuli. Nilisema pia kwamba mimi ndiye niliyeuliza, na kwamba nilijua jinsi nilivyouliza. Hakunikatiza hata mara moja, yeye ambaye nilizoea kelele zake.

"Nimekasirika," alisema nilipomaliza. "Nimekasirika sana, na sina ruhusa ya kukukasirikia, maana wewe ni mtani wangu. Unaona ulichonifanyia? Ungekuwa mtu mwingine ningekwenda kwa mkuu wa wilaya."

"Nenda, baba. Nitakuwa shahidi wako."

"Nyamaza kwanza." Aliisogeza sahani kwa mguu. "Hao watu kumi na mmoja. Nikikataa, watakufa?"

"Sijui. Wanane au tisa naona seli zao zimeanza kujiita zenyewe. Wengine sijui kabisa."

"Yuko mmoja hapa leo?"

"Yupo. Ukitaka, naweza kukuonyesha, ingawa si ruhusa."

Alifikiri, kisha akatikisa kichwa. "Usinionyeshe. Nikimwona nitakubali, na nitakuwa sijakubali, nitakuwa nimeona haya tu. Niulize sasa. Niulize kama unamuuliza baba yako."

Nikaita Karani ya baraza. Nikauliza, kwa maneno kamili, kama yuko tayari punje iachwe wiki tatu zaidi kwa faida ya watu wengine, akijua hatari yake.

"Hapana," alisema.

Mashine ilichelewa. Iliwaka njano: sauti ina kusitasita, rudia.

"Ndiyo, nasitasita!" aliifokea. "Nina moyo, wewe huna. Hapana!"

Karani ikaandika hapana. Nilishusha pumzi, na papo hapo nikaona uso wa Nyamizi, nikaipandisha tena.

"Lakini kabla ya Ijumaa kuna Alhamisi," alisema Mzee Luhende. "Ile dozi nzima mliyoninyima, nipeni Alhamisi. Seli zangu zipige ngoma zinavyotaka. Kitakachotoka, gawaneni. Baada ya hapo kwangueni, mimi nirudi kwenye mpunga wangu."

*

Alhamisi tulimimina dozi nzima.

Dokta Mbise alikaa pembeni ya kioo. Safari hii aliniruhusu nitoe sauti nje, mzee naye asikie. Kona ya kioo palikuwa na namba inayokadiria kibofu chake kimekusanya wito wa kutosha kumalizia tiba ya watu wangapi. Dakika ya kumi ilikuwa sifuri. Dakika ya arobaini manyanga yakanyamaza, zumari ikalia, na kila kitu kikarudi kwa kishindo ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Mbili. Nne.

"Ndivyo kulivyo humo ndani?" mzee aliuliza, amelala chali. "Kelele zote hizo?"

"Ndivyo kulivyo, baba."

"Na huo mvumo?"

"Hiyo ndiyo punje. Inawaambia warudi nyumbani."

"Ipuuzeni," aliziambia seli zake, akigeuka ubavu. "Msiondoke."

Sijui kama ni dozi au ni nini, na sitasema zilimsikia. Lakini saa moja na nusu ilipotimia, mvumo ulianza kupungua. Msondo ukaupanda kichwani. Sita. Saa mbili zikaisha. Saba.

"Muda umekwisha, mzee," alisema Dokta Mbise. "Inuka ukakojoe."

"Bado wanaitana?"

Dokta aligeuka. Alinitazama mimi.

"Wanaitana," nilisema. Sikuweza tena kumdanganya mtu yule.

"Basi niacheni kidogo."

Karani ilimuuliza, ikawaka kijani bila kuchelewa. Jasho lilikuwa limemlowesha shuka. Kila robo saa aligeuka mwenyewe, na kila alipogeuka aling'ata kitambaa. Nane. Kisha sauti mpya ikaingia, nyembamba, iliyopanda juu ya zote, protini ambayo sikuwahi kuipa chombo chake kwa sababu sikujua kama ipo. Mashine iliipa mlio wake wa kawaida. Mvumo wa punje ulikuwa unasuasua sasa, unakatika, unarudi, unakatika. Nilisogea mpaka paji la uso likagusa kioo. Nilitaka kujua. Mungu anisamehe, hata nikiwa nimemshika mkono nilitaka kujua.

Tisa.

Mkono wake ulikuwa wa moto. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa na nusu, na kwenye mpira, karibu na kidole changu, palikuwa na uzi mwekundu.

"Dakika ngapi mpaka ya kumi?" aliuliza. Meno yalikuwa yanagongana.

"Kama kumi na tano," alisema Dokta Mbise.

"Na ya kumi na moja?"

"Mzee Luhende..."

"Nimeuliza."

"Nusu saa."

"Naweza." Alifumba macho. "Safari hii nimekubali kweli. Iulizeni hiyo mashine."

Hatukuwa na haja ya kuiuliza. Ilikuwa inawaka kijani. Dokta Mbise alikuwa anatazama karatasi yake ya majina, ambayo alikuwa ameibandua ukutani na kuja nayo. Sauti mpya ilikuwa inapanda. Dakika tano nyingine tu, nilijiambia, nijue inaelekea wapi.

Nikanyoosha mkono nikazima Sikio.

Chumba kikawa kimya kiasi kwamba tulisikia sufuria zikigongana jikoni.

"Mbona umezima?" mzee alifumbua macho. "Nimekubali!"

"Umekubali, baba. Mimi nimekataa. Inuka."

Alinitazama kwa hasira ambayo sasa alikuwa na ruhusa nayo. Tukamshika mabega, mimi upande huu na dokta upande huu, tukampeleka.

Zilipatikana chupa tisa. Dokta Mbise alizipanga mezani, akaweka karatasi yake kando, akaanza kutoka juu, kwa waliotangulia kuanza. Alipofika jina la tisa kalamu ilisimama. "Nitawaambia hawa wawili," alisema.

"Hapana," nilisema. "Mmoja niachie."

Nyamizi alikuwa kwenye benchi la nje, madaftari mapajani, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa amesikia zile sauti zikizimwa. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilikaa karibu yake.

"Mwalimu," nilisema, "chupa yako haikupatikana."

Alifunika kalamu taratibu mpaka kifuniko kikalia. "Mzee alichoka?"

"Alitaka kuendelea," nilisema. "Mimi ndiye niliyezima."